Chaji ya Taratibu

Adapta ilikuwa mapajani mwa Anisia, na hakuwa tayari kuirudisha. Lilikuwa dude zito kama pasi ya mkaa, na bila hilo gari lao la zamani lisingeweza kupokea umeme wa ile mashine ya kuchaji haraka iliyofungwa mwaka huu kwenye kituo kimoja cha mafuta, mwanzoni mwa mji wa Kahama. Gari lilikuwa limebakiwa na asilimia kumi na moja.

Vumilia, dada wa kituo, alikwisha kueleza mara mbili. Magari ya umeme ya siku hizi yanachomekwa moja kwa moja. Hili lao, lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, lina tundu la aina ya zamani, hivyo lazima adapta ikae katikati. Nusu saa tu, wanaondoka. Wasipoitaka, upo waya wa kawaida wa ukutani, ila huo utawaweka hapo mpaka jioni.

"Tutumie wa ukutani," Anisia alisema.

Ngassa, shemeji yake, alisimama kando ya mlango wa gari. Jua la saa sita lilimpiga utosini, wala hakulisikia. Tangu alfajiri hakuwa akisikia njaa, wala uchovu, wala chochote.

Alfajiri hiyo alipigiwa simu na baba yake mdogo kutoka Masumbwe. Theonest, kaka yake Ngassa na mume wa Anisia, aliyekwenda nyumbani kwa wiki mbili kuvuna mpunga, alikuwa amefariki usiku. Baba mdogo hakumpa hata nafasi ya kulia. Alimpa maagizo: mpitie shemeji yako hapo Shinyanga, mwambie mumewe anaumwa, umlete. Asijue njiani. Mke huambiwa akishafika, akishakalishwa chini na kinamama wamemshika. Ndivyo wanavyofanya kwao, na siku zote Ngassa aliona ni utaratibu mzuri, mpaka zamu ya kudanganya ilipomwangukia yeye.

Kupanda basi aliogopa. Kwenye basi la Masumbwe hakosekani mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani angempa Anisia pole ya msiba kabla hawajatoka stendi. Ndiyo maana wakaja na gari la Theonest mwenyewe, betri imechoka, kilomita mia na kidogo tu na tayari linaomba chaji.

Jambo moja lilimpa nafuu. Njia nzima Anisia hakuuliza mumewe anaumwa nini, wala amelazwa wapi. Simu yake aliizima tangu wanaondoka, akatulia akitazama mashamba ya pamba yakipita. Ngassa alimshukuru Mungu kwa ukimya huo.

Sasa alijaribu tena. Akamwambia Vumilia amweleze shemeji kwamba adapta haina madhara, naye Vumilia akaeleza kwa adabu kuwa gari lenyewe ndilo linaloamua lipokee umeme kiasi gani, na betri ikipata joto linapunguza.

"Baba Noela hapendi hizi za haraka," Anisia alijibu, akimtaja mumewe. "Anasema zinapika betri."

"Shemeji, mgonjwa anakuulizia," Ngassa alisema.

Anisia aligeuza uso. "Anasemaje?"

Ngassa si fundi wa uongo. Alidaka neno la kwanza lililomjia. "Anasema usihangaike. Uje taratibu."

"Basi tutakwenda taratibu."

Ikabidi wachomeke waya wa ukutani. Vumilia aliwatolea viti vya plastiki kivulini, lakini Anisia hakushuka garini, na adapta hakuiachia. Asilimia kumi na mbili. Baada ya muda mrefu, kumi na tatu.

Saa saba baba mdogo alipiga. Ngassa alikwenda kupokea nyuma ya vyoo. Aliambiwa kaburi limeshachimbwa, na kwa kuwa kesho padri ana safari, mazishi ni leo saa kumi. Watamsubiri mke aje kuaga. Lakini jua likianza kuzama, watafunga jeneza bila yeye, hawatakuwa na namna. Ngassa akajibu kuwa wapo njiani. Alipokata simu alingoja machozi yaje, maana hapo hapakuwa na mtu wa kumwona, nayo hayakuja. Alimpenda sana kaka yake, na kifuani hakukuta kitu.

Alirudi akiwa ameamua. Ataomba, na ikibidi atanyang'anya. Hawezi kumwacha mwanamke huyu akose kuuona uso wa mumewe kwa mara ya mwisho kwa sababu ya betri, halafu aje ajue kwamba shemeji yake alikuwepo, alijua, na alikaa kimya akihesabu asilimia. Lawama hiyo ingekuwa ya haki, na asingeweza kuibeba.

Akafungua mlango wa gari na kuchuchumaa mbele yake.

"Shemeji, naomba hiyo adapta. Betri ikifa, mimi nitajibu kwa Baba Noela."

Anisia hakuitoa. Aliikumbatia kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini isiyo na hasira yoyote:

"Kule nikifika watanikalisha mkekani, shemeji. Hapa bado nina mume."