Picha Yenye Ukungu

"Mama Prende, njoo. Peke yako," nesi aliita, na Ndoc, mumewe, akaachwa kwenye benchi la hospitali.

Pale Shkodra, mji wa Albania, mgonjwa haambiwi ugonjwa wake. Wanaambiwa watu wake. Kaka yake Ndoc alikufa kwa saratani huku akiamini ana vidonda vya tumbo, na aliyemdanganya mpaka mwisho, akicheka naye na kummiminia pombe ya raki, alikuwa Ndoc mwenyewe. Kwa hiyo mlango ulipofungwa nyuma ya mkewe, alielewa. Kwisha habari yake.

Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Pasaka. Prende alimsihi akapimwe MRI, upigwe picha huo ubongo ijulikane moja. Akagoma: haingii kwenye lile bomba la mashine peke yake, ng'o! Basi Prende naye akapigwa picha yake, kumtoa woga tu.

Sasa huyo anatoka, anacheka.

"Wamesemaje?" Ndoc aliuliza.

"Hamna kitu, mzee wangu. Wewe mzima kabisa, umenisumbua bure. Mimi ndiye nirudi Jumatatu wanipige nyingine, ile ya kuchomwa dawa ya rangi mshipani. Eti nilitikisika, picha yangu ikatoka na ukungu."

"Utikisike wewe?"

"Si nilikuwa nakuwaza utakavyolia humo ndani! Twende bwana, njaa inaniuma."

Maskini, hata kudanganya hajui. Hiyo Jumatatu anakuja kupanga na daktari namna ya kumficha mumewe. Mara watasema kuna kipimo cha maji ya uti wa mgongo, mara wamtoboe fuvu wachukue kipande cha nyama wakapime, na yeye ataambiwa ni kipandauso. Hakutaka kufa, na zaidi hakutaka kufa akichekewa.

"Nimesahau kofia," akamwambia mkewe, akarudi mbio, akaingia kwa daktari bila hodi.

"Niambie ukweli, daktari. Mimi si mtoto. Umemwambia nini mke wangu?"

Daktari alivua miwani, akaiweka mezani.

"Nimemwambia hana kitu, ni picha tu imetoka na ukungu."

"Sikuulizi yeye! Nauliza mimi!"

"Wewe huna kitu kweli, Bwana Ndoc. Nilikuwa namtuma nesi akuite. Funga mlango, mkeo asije akatusikia."