Mkono Ukiinuka

"Taa inachoma macho!" alifoka Mzee Koleo. "Unatibu jino au unahoji mwizi?"

Daktari mpya aliishusha taa. Ilikuwa siku ya mwisho ya muda wake wa majaribio, na kati yake na kazi ya kudumu lilisimama jino moja tu: gego la chini, upande wa kulia, lililooza hadi mizizini. Mwenye kliniki alikuwa amelichagua mwenyewe.

Jina la Koleo alibandikwa na wafanyakazi wake, nao walilitamka akiwa mbali. Madaktari watatu waliomtangulia binti huyu walifukuzwa katika chumba hiki hiki, wa mwisho akiwa bado ameshika sindano. Na wiki hii Mzee alikuwa mbogo kuliko kawaida. Hata chai yake ilirudi jikoni imepoa, haijaguswa.

Lakini binti aliitaka kazi hii kwa moyo wake wote. Mama yake aliyatibu meno yake kwa karafuu na kilio mpaka yakamwisha, kwa sababu siku moja, zamani, daktari alimkandamiza kitini na kumng'oa jino huku mama akipiga mayowe. Hakurudi tena kwa daktari yeyote. Binti alisomea meno ili pawepo angalau kiti kimoja duniani ambacho mtu kama mama yake angeweza kukikalia.

Akageukia kiti. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa kiti hadi vimepauka. Soksi moja ilikuwa imevaliwa ndani nje. Hapa, alijikumbusha, mgonjwa ni mgonjwa.

"Kwanza nitapaka dawa fizini," alisema kwa upole. "Kisha sindano. Utahisi kama umeumwa na siafu mmoja, basi. Ukiumia wakati wowote, inua mkono wa kushoto, nami nitaacha."

"Siafu!" Mzee akadakia. "Miaka yote ile chuoni mlikuwa mnafundishwa hadithi za siafu? Hapa watu wanang'olewa meno, binti, hawabembelezwi. Picha ya jino umeitazama?"

"Nimeitazama, Mzee."

"Itazame tena!"

Akaitazama tena. Muuguzi, mama mtu mzima aliyezeeka pamoja na kliniki ile, akampitishia sindano chini chini, mgonjwa asiione, kama walivyokuwa wamekubaliana.

"Mnaficha nini huko chini?"

"Sindano, Mzee."

"Basi fanya upesi! Au unangoja ikuombe ruhusa?"

Nafuu ya binti ilikuwa moja: chombo kikiingia kinywani, makelele yalikoma. Akaisukuma dawa taratibu, tone kwa tone, akieleza kila alichokuwa akifanya. Kisha akaweka sindano kando, akangoja ganzi ishike.

Kungoja huko kulimkera Mzee kuliko yote. "Kwa mwendo huu tutaota mvi humu ndani. Watu wamejaa nje. Daktari anayeliogopa jino ni sawa na... ni sawa na..." Maneno yakamgomea. Muuguzi akageukia sinki haraka, mabega yakimtikisika.

Koleo likalishika gego. Binti akaliyumbisha kidogo nje, kidogo ndani, bila pupa. Akahisi linaanza kulegea.

Hapo mkono wa kushoto ukainuka.

Akaacha. Akakitoa chuma kinywani.

"Nani kakwambia uache?" Mzee akanguruma.

"Mkono umeinuka."

"Na jino limeshalegea! Malizia!"

Angeweza kutii. Lilibaki kuvuta mara moja tu, na kazi ingekuwa yake. Muuguzi alimtazama kwa macho ya kusihi: malizia, mwanangu, usijiponze. Lakini binti alimwona mama yake, kitambaa kimefungwa kuzunguka shavu, akitabasamu mdomo umefumbwa kwenye kila picha ya familia.

"Mkono ukiinuka naacha, Mzee," alisema. "Nimeahidi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze sasa hivi. Ila sitatia chuma kinywani mwa mtu aliyeniomba nisitie."

Bomba la kufyonza mate lilikoroma peke yake. Muuguzi alifumba macho, kama mtu anayesubiri sahani idondoke.

Polepole, mkono wa kushoto ukashuka, ukatulia juu ya tumbo.

"Niendelee?" binti akauliza.

Kichwa kikakubali.

Akaongeza ganzi kidogo, akangoja tena. Safari hii hakutukanwa. Akashika, akayumbisha, akavuta, na gego likatoka zima na mizizi yake yote miwili, kama karoti kwenye udongo uliolowa. Akakandamiza pamba juu ya kidonda, akashikilia hapo mpaka damu ilipopungua, kisha akakiinua kiti taratibu ili kichwa kisizunguke.

Akavua glavu na kusimama wima, tayari kwa hukumu yake.

Mzee Koleo akaitoa pamba, akatema damu kwenye beseni, akajifuta kidevu kwa kitambaa kilichoning'inia kifuani mwake.

"Kesho uwahi," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Limebaki la kushoto."