Hitma ya Mlinzi

Siku kura ya wananchi ilipopitisha kwamba Rais wa zamani hakuuawa uwanjani, Bi Mize alikuwa anachambua mchele wa hitma ya mumewe. Mbwana alikuwa mlinzi wa Rais, na risasi zilimpitia yeye kwanza. Lakini kura ikishapita imepita: kama Rais hakuuawa, basi na mlinzi hakufa. Kabla ya adhuhuri watu wa manispaa walishang'oa jiwe la kaburi, na kitambulisho cha Bi Mize kikaandikwa kwamba ana mume.

Pilau ikaiva, ikapoa, hakuja mtu. Akajaza sahani, akamfuata jirani yake Mzee Vuai, msomaji wa hitma hiyo miaka yote.

"Shemeji, nimsomeeje mtu aliye hai? Unataka nifungwe?"

"Vuai! Si wewe uliyemwosha? Matundu ya risasi uliyaziba pamba kwa mkono wako!"

Mzee akautazama mkono wake. "Niliosha mtu, ndiyo. Na kura nimepiga kama wenzangu."

"Umepigaje?"

Akaipokea sahani kwa adabu zote, akamsindikiza hadi barazani.

"Mbwana akirudi, mpe salamu zangu."

"Zitafika," Bi Mize akajikuta anaitikia.