Vipepeo wa Nyuma ya Zizi

Mzee Baltazar alikanyaga kinyesi cha mtu kwa mara ya tatu wiki hiyo, na safari hii alikuwa peku.

"Ptuu!" Alitema mate, akasugua wayo kwenye majani yenye umande, akatema tena. Si cha ng'ombe, si cha mbwa. Mtu mzima na akili zake timamu alikuwa amechuchumaa nyuma ya zizi lake, kando ya maharage yake, akamaliza haja na kwenda zake. Na juu ya uchafu ule walikuwa wametua vipepeo wanne wakubwa, mabawa wameyafumba, wanafyonza bila haya.

Angekuwa mtu mwingine, labda angefukia akanyamaza. Lakini yeye ndiye mwenyekiti wa kitongoji! Ndiye aliyezunguka nusu ya Maretadu, mlango kwa mlango, akiwagombeza watu wazima wachimbe vyoo. Cha kwake kilikuwa na sakafu ya saruji, bati jipya na mlango wenye komeo, na Ijumaa bwana afya angeleta wageni kutoka Babati waje kukitazama.

Nani sasa? Nyumbani walikuwa wanne tu. Yeye, mkewe Hilaria, binti yao Lucia, na Bryson, mwalimu wa sayansi kutoka Mbeya aliyepanga chumba cha uani. Tena Bryson hakuwa mpangaji tu. Mwezi wa pili alileta posa kwa Lucia, ikapokelewa, na harusi ilikuwa Juni.

Ila huyo Bryson alikuwa na kamera. Tangu mvua za masika zianze, kila asubuhi kabla ya kwenda shule alichuchumaa nyuma ya zizi dakika ishirini nzima, kimya, anapiga vipepeo picha. Haya, kila mtu na starehe zake. Lakini si ndiye aliyesema kwa mdomo wake, tena akicheka: "Mzee, hawa wakubwa maua hawana habari nayo. Ukitaka watulie, wawekee kitu kilichooza. Ndizi mbovu, samaki aliyevunda, hata kinyesi."

Hata kinyesi!

Baltazar alisimama pale na mguu mmoja juu, akaelewa yote. Mshenzi yule alikuwa anawatega. Anatega vipepeo kwa mavi yake mwenyewe, halafu anarudi ndani kumega ugali aliopikiwa na familia ya watu.

Siku nzima hakula. Alasiri, mwalimu aliporudi kutoka shule, alikuta mshenga wake, Nikolausi, ameshaitwa na ameketi sebuleni.

"Shikamoo, mzee."

Baltazar alitazama ukutani. Hakuitikia. Lucia alishika kiti kwa mikono miwili, maana baba yake hajawahi kuinyima marahaba hata shikamoo ya mlevi. Mama yake alikuwa jikoni, nyuma ya mlango. Hilaria ni mtu wa Tlawi, kalelewa na bibi yake kwa mila za zamani, za mama kumkwepa mkwe. Tangu posa ipokewe hajakaa chumba kimoja na Bryson, na wakikaribia kupishana uani hugeuza njia.

"Mwalimu," alisema Baltazar, "kwa nini unakunya shambani kwangu?"

Nikolausi alikohoa. "Mwenyekiti, tusemezane taratibu."

"Taratibu gani? Nimekanyaga mara tatu! Choo cha saruji ninacho, yeye anakunya kwenye maharage ili apate picha! Wageni wakikanyaga Ijumaa nitawaambia nini? Na huyu ndiye aoe binti yangu? Thubutu! Posa yake aondoke nayo."

"Baba, si yeye," Lucia alisema. "Bryson, waambie basi."

"Si mimi, mzee. Mimi nafika nakuta pameshachafuliwa. Kamera hii inaandika hadi saa, ngoja nikuonyeshe." Aliketi, akaiwasha, akaanza kubonyeza. Kipepeo juu ya uchafu, kwa karibu, kila kitu kinang'aa. Akabonyeza tena. Mwingine, kisha wawili pamoja, na inzi katikati.

"Ptuu! Hata unayatunza!" Baltazar aligeuza uso.

Kidole cha Bryson kikasimama. Aliinama juu ya kile kioo kidogo, akaikuza pembe moja ya picha, nyuma ya vipepeo, kisha akakifunika kwa kiganja. Alibonyeza kitufe cha kufuta, akabonyeza tena, akaizima kamera.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Nisamehe."

"Bryson!" Lucia alipiga kelele.

"Ni mimi, Lucia. Basi."

"Nikolausi, umesikia kwa masikio yako?" Baltazar alikuwa ameshasimama. "Ameketi kwenye kiti changu! Ndoa hakuna. Kesho asubuhi afungashe, na kiti hicho nakichoma moto."

Lucia alianza kulia kwa sauti. Nikolausi alichukua kofia yake, akainuka.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Hilaria alisimama kizingitini, khanga ameivuta mpaka machoni ili asitazamane na Bryson, na Bryson naye akainamisha kichwa upesi.

"Mwache mtoto wa watu, Baba Lucia," alisema. "Choo umejenga kimoja. Ulitaka nami nikachuchumae pale anapochuchumaa mkwe wangu?"