Chausiku wa Onyesho la Pili

Siku hizi mtunzi wa tamthilia akistaafu hapewi saa ya ukutani. Anatengenezewa mhusika wake mmoja, mwenye mwili na pumzi, aje kumtunza nyumbani. Jirani yangu Kilua alimchagua mlevi wa vichekesho vyake, na sasa anamfungia stoo. Mimi sikuwa mjinga. Nilimchagua Chausiku, binti mwema wa tamthilia iliyonipa jina kutoka Tanga hadi Kigoma.

Namshukuru Mungu. Sikujaliwa kuzaa, na ujana wangu wote uliishia jukwaani nikigombana na waigizaji, lakini leo nina mtoto. Ananipikia uji wa ulezi, ananikanda magoti, ananiita mama kwa sauti ileile niliyoisikia kichwani nilipokuwa nikimwandika. Mtoto wa kumzaa mwenyewe angenifanyia haya yote? Thubutu!

Tatizo ni moja tu. Chausiku hajui ila yale niliyomwandikia, na tamthilia ile ina maonyesho matatu. Katika la kwanza anarudi kwa mama yake. Katika la pili anamuuguza. Katika la tatu anamzika. Mama yule hakuwa na sababu yoyote ya kufa. Nilimuua kwa kuwa watazamaji wetu hawaridhiki mpaka walie.

Asubuhi ya leo nimemkuta akipiga pasi shuka jipya jeupe, taratibu, kwa mapenzi.

"Mama," akaniuliza, "tuko onyesho la ngapi?"

"La pili, mwanangu," nikamjibu. "Bado la pili. Hebu niongezee uji."