Manowari ya Marehemu

Wijdan aliitwa sebuleni kuwaamkia wageni waliokuja kumposa, na hapo hapo kwenye simu aliyoishika ikaingia barua aliyoisubiri mwezi mzima.

Babu yake alikuwa katikati ya kisa chake. Marehemu baba yake babu alipanda manowari ya Kiingereza, Tempesti, ilipotia nanga Unguja, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Kifungo cha shaba cha koti lake kilizungushwa mkono kwa mkono, kimesuguliwa miaka hata nanga iliyochorwa juu yake imefutika.

Wijdan ndiye aliyeandika Uingereza kuomba historia ya meli hiyo, amfurahishe babu. Akaisoma barua kimya. Tempesti haikuwahi kutoka bahari ya Uingereza. Ilikwama mchangani mara mbili, ikagonga gati, ikauzwa kama chuma chakavu.

"Tempesti?" Babu yake mposaji aliweka kikombe cha kahawa chini. "Wallahi, na baba yangu alikuwa mpishi humo humo! Wakila sahani moja!"

Babu yake Wijdan akabadilika rangi. "Subhanallah," akasema polepole.

"Basi Wijdan aliiagiza historia yake, aletewe kwenye simu," baba yake akadakia kwa furaha. "Imeshafika? Hebu tusomee, mwanangu."

Wazee wote wawili wakaikodolea macho simu ile, na kahawa yao ikapoa.

Wijdan akakohoa kidogo.

"Inasema ilitia nanga Unguja," akasoma, "kwa sababu iliishiwa na wapishi."

"Nlikwambieni!" wakasema wazee kwa pamoja.