Mama Aje Lini?

Kwa mara nyingine jioni ile mwoka mikate aliinuka kitini, akaenda dirishani, akarudi. Simu ilikuwa mezani, spika imewashwa, na mke wake alikuwa anaharibu kila kitu.

"Mama, majira ya baridi usithubutu," mke alikuwa anasema. "Barabara inakuwa barafu tupu. Hata wenyewe waliozaliwa huku wanateleza, wanavunjika nyonga."

"Atavaa viatu vyangu vya kazini," mume alidakia.

Nchi yenyewe ilikuwa kiganja tu cha Ulaya. Treni iliimaliza kabla chai haijapoa. Lakini aliipenda, na kwa miaka saba alitamani mama yake afike. Sasa kiwanda cha mikate kimempa likizo, achague mwezi autakao.

"Basi aje majira ya maua," alisema. "Mama, mashamba mazima yanageuka mekundu na manjano, utadhani mtu kaanika nguo za harusi."

"Na yananukia?" mama aliuliza.

"Hayanukii hata kidogo," mke aliwahi kujibu. "Yanatoa vumbi la kuvimbisha macho. Kiangazi nacho, mama, jua linagoma kutua, hutapata usingizi. Majani yakianza kupukutika ndiyo mvua, asubuhi mpaka jioni."

"Haya, wanangu," mama alisema taratibu. "Tutazungumza."

Simu ilipokatika mume hakuketi. "Kwa hiyo mwaka mzima hauna hata mwezi mmoja wa mama yangu?"

Mke alikusanya vikombe.

Kilichomkera zaidi mume ni kwamba zamani mke huyuhuyu ndiye aliyekuwa akimsumbua: mlete mama, mlete mama. Mwaka jana alikwenda nyumbani peke yake kumzika shangazi yake, akafikia kwa mkwewe, akarudi amegeuka. Mama naye tangu hapo akakataa simu za picha, eti zinamlia bando. Walikosana nini? Kila alipouliza, mke alijibu, "Mama hana neno na mimi."

"Basi sikia," alisema mume. "Nimeshakata tiketi tangu jana, nilitaka tu mkubali wenyewe. Mama anakuja majira ya maua, upende usipende."

Kikombe kilimponyoka mke, kikabiringika chini ya meza. Hakukiokota. Alichukua simu, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Mume aliipima sebule kwa miguu, kona hadi kona. Watu wamewahi kumwambia kwamba mke anayemchukia mama mkwe ni moshi ndani ya nyumba, usipoutoa wewe, utakutoa wewe. Hakuwasikiliza. Sasa maneno yalikuwa yamemjaa kooni, yale ambayo mtu akishayatamka hayarudi. Akakishika kitasa.

Huko ndani mke alikuwa analia.

"Mama, nimeshindwa. Ameshakata tiketi. Nimetafuta uongo mpaka umeniishia."

"Umejitahidi, mwanangu," sauti ya mama ilitoka kwenye simu. "Nilikufunga mdomo kwa sababu namjua, angeacha kazi arudi. Sasa mwambie tu. Mwambie macho yamezimika yote mawili, na siku hiyo uwanjani aniite kwa sauti, nijue yuko upande gani."